Punje ya Tasbihi Kwenye Chumba cha Rubani

Mume wangu alikuwa mwizi. Nasema hivi kwa mapenzi, na kwa sababu hayupo tena wa kunikatiza. Hakugusa kitu cha jirani hata siku moja. Aliiba vya nyumbani kwake mwenyewe. Kila kilichopotea jikoni kwangu Kisangani katika miaka ile ya uhuru, kifuniko cha sufuria, mwiko, pindo la kitenge changu, ungekikuta kimefungwa mahali fulani ndani ya ndege.

Ndege yenyewe ilikuwa ndogo, ya injini mbili, mali ya kampuni ya mashamba ya mpira. Ilikwenda Opala na kwenye viwanja vingine vya nyasi katikati ya msitu, ikipeleka barua, dawa na vipuri vya mashine. Mume wangu alianza kwa kuiosha. Alikuwa mtoto wa fundi saa, wa ukoo wa Waislamu wa zamani wa mjini, wale wanaokueleza safari ya babu zao kutoka mashariki utadhani waliwasili juzi. Baada ya kuosha miaka kadhaa akapandishwa, akawa anamshikia spana fundi wa Kibelgiji. Uhuru ulipokuja, Mbelgiji aliondoka na sanduku moja tu, akaacha vifaa vyake vyote na ovaroli. Kesho yake mume wangu akaivaa. Ilibidi niikate miguu na mikono, na kitambaa kilichobaki kilitosha kushona kaptula. Tangu siku hiyo alikuwa mécanicien, fundi kamili wa ndege, na ukimwita vinginevyo alijitia hamnazo.

Rubani alikuwa Mgiriki mnene, mlalamishi, aliyebaki nchini kwa sababu mke wake alikuwa na duka mtaa wa Makiso, katikati ya mji, na alikataa katakata kuliacha. Walifaa kufanya kazi pamoja, yeye na mume wangu. Mmoja alilalamika mchana kutwa, mwingine hakusikia neno kwa kuwa kichwa chake kilikuwa kimejaa mipango.

Vipuri vilikoma kuja. Mbele ya rubani palikuwa na vipimo vingi ambavyo mume wangu, kwa kulelewa na baba yake, aliviita saa. Kimoja kilikuwa na mshale unaoonyesha kama ndege inageuka, na chini ya mshale huo mrija wa kioo uliopinda kidogo, wenye majimaji na kijigoroli ndani. Ule mrija ndio uliopasuka. Nilimuuliza kwa nini anakosa usingizi kwa ajili ya mrija. Akachukua sahani yangu ya mchuzi, akazunguka nayo chumbani.

“Angalia. Nikigeuka muzuri, muchuzi inabakia katikati. Nikigeuka mubaya, inamwangika. Ile goroli ndiyo muchuzi ya pilote.”

Mchuzi ulimwagika, bila shaka, juu ya mkeka niliotoka kuuosha. Lakini nilielewa. Kukiwa kweupe rubani anatazama msitu na mto, anajua amekaaje. Akiingia ndani ya wingu, mwili unamdanganya: anajihisi yuko wima, kumbe ndege inateleza kwa ubavu kuelekea chini. Hapo ndipo anapohitaji mshale na goroli, vyote viwili, na yeye amebakiwa na mshale peke yake.

Uvumbuzi wake wa kwanza aliutoa kwenye kikapu changu. Nilikuwa mshonaji, na nilikuwa na uzi mmoja mwekundu, mnene, niliopewa na mama yangu siku ya harusi yangu. Mtaa mzima hakuna mwingine aliyekuwa nao. Akakata kipande, akakibandika nje, katikati ya kioo cha mbele cha ndege. Upepo ukiulaza uzi moja kwa moja kuelekea nyuma, mambo sawa. Ukiulaza upande, ndege inateleza. Hicho tu. Mgiriki alicheka wiki nzima, kisha akakataa kuruka bila uzi huo. Mume wangu alivimba kichwa mpaka kofia ikakataa kuingia.

Halafu mvua ikanyesha. Uzi ukalowa, ukaganda kwenye kioo, ukawa hausemi kitu. Na Kisangani mvua ndiyo mwenyeji, sisi wengine ni wapangaji.

Akarudi kwenye mrija. Muuguzi mmoja wa zahanati alimpa bomba jembamba la kioo, akalipinda juu ya makaa ya mfua shaba. Yakatakiwa majimaji mazito kiasi, ili goroli lisirukeruke. Akachukua mawese yangu, yale mazuri niliyoyaweka kwa ajili ya wageni, akayachuja kwa kitambaa changu cha kichwa. Likabaki goroli. Alipotia la chuma kutoka kwenye beringi, dira iliyokuwa jirani ikaanza kuyumba, na Mgiriki akapiga marufuku chuma chochote mbele yake. Kilitakiwa kitu cha mviringo, laini, kizito, kisicho chuma. Na kitu hicho kilikuwa kimening’inia kwenye msumari, nyumbani kwetu, karibu na dirisha.

Mama yake aliishi nasi. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye tasbihi ya mawe meusi aliyoachiwa na bibi yake. Kila alasiri baada ya kuswali aliizungusha yote, kisha akaitundika, akalala kidogo. Siku moja alipolala, mwanawe aliikata kamba, akatoa punje moja, akatunga upya zilizobaki. Alitunga kwa uzi gani? Kwa uzi wangu mwekundu.

Nawaambia mapema ili mfuate vizuri. Mimi siku zile sikujua lolote. Aliponionyesha mrija ukiwa mezani aliniambia ndani mna goroli, nami nina kazi zangu, sikuinama kutazama.

Mama mkwe hakuhitaji kuhesabu. Vidole vyake vilifika mwisho kabla ya ulimi. Akaigeuza tasbihi, akaona uzi, akaniita kwa neno la Kilingala la mkwe.

“Bokilo. Hii uzi iko ya nani?”

“Iko yangu, mama.”

“Na punje yangu iko wapi?”

“Mama, miye sijue. Haki ya Mungu.”

“Uzi iko yako, mukono haiko yako?”

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa anachunguza pondu, kisamvu chetu, kwenye sahani yake kwa makini ya ajabu, jani moja moja. Mtu aliyeweza kulala chali chini ya injini inayounguruma alimwogopa mwanamke aliyemfika kifuani. Hakusema kitu, siku ile wala zilizofuata.

Nami nina hasira, sifichi. Nilinuna, nilibamiza vyungu, niliuhama mkeka wa mume wangu. Mama mkwe naye alinijibu kwa ukimya, na alikuwa na ukimya mwingi kuliko mimi. Tukaishi hivyo hadi nilipopata mimba, ya kwanza, baada ya miaka ya kungoja. Majirani wakaja kupongeza uani. Hapo, mbele yao wote, akasimama na tasbihi mkononi.

“Wallahi, mutoto wa huyu mwanamuke, miye sitamuosha mupaka punje yangu irudi.”

Katika ukoo ule, maji ya kwanza ya mtoto humwagwa na mama wa baba. Ndiyo maji yanayomwambia mtoto kwamba hii ni nyumba yako. Aliyenyimwa maji hayo na bibi yake watu humsema mpaka aoe, na hata akishaoa. Nilikuwa nimengoja mtoto miaka, na sasa atakuja kuambiwa yeye si wa mlango huu, kwa ajili ya jiwe nisiloligusa. Nililia hadi pua ikaziba. Mume wangu alinibembeleza vizuri sana, na bado hakusema.

Mungu naye alikuwa ameanza kumshughulikia. Safari ya kwanza ya mrija wa mawese, ndege iliruka juu, kwenye baridi, na punje ikahamia kushoto ikakaa hukohuko. Rubani mtiifu akakanyaga pedali kuirudisha katikati, haikurudi, akakanyaga zaidi. Alikwenda Opala kiubavuubavu kama kaa wa mtoni na kurudi vilevile, akashuka akichechemea mguu mmoja na kutukana kwa Kigiriki. Mume wangu akauchungulia mrija: mafuta yameyeyuka, mekundu, safi, punje inabiringika bila shida. Siku kadhaa alitembea kama aliyerogwa.

Kisha ikaja asubuhi moja ya mvua. Alikuwa amekaa jikoni akinitazama nikihangaika na chupa ya mawese, naikwangua kwa kijiko, kwa kuwa mawese asubuhi ya baridi huganda, na hilo linajulikana na kila mwenye jiko kutoka hapa hadi Bengamisa. Mume wangu alipiga ukelele. Akanibusu paji la uso, mbele ya mama yake, akatoka mbio na chupa ya mafuta ya taa. Mama mkwe aliinua macho juu, nami kwa mara ya kwanza baada ya miezi nilikubaliana naye. Jioni tulikula gizani. Lakini mrija, sasa wenye mafuta ya taa badala ya mawese, ulifanya kazi, na Mgiriki hakuchechemea tena.

Mimba ilikuwa kubwa tulipokwenda Opala, mama mkwe na mimi, kwenye harusi ya binti wa wifi yangu. Tulikwenda kwa boti, tukiwa tumekaa kila mmoja upande wake. Harusi haijaisha vizuri, habari zikaingia kwamba waasi wanakuja na miji inaanguka mmoja baada ya mwingine. Boti zikasimama. Barabara ikafungwa. Nikaanza kujiona nazalia kichakani. Ndipo siku moja tukasikia injini mbili juu ya mto Lomami. Kampuni ilikuwa imetuma ndege ichukue redio yake na dawa zilizobaki, na mume wangu alikuwa amemng’ang’ania rubani mpaka akakubali watu wawili zaidi.

Watu wawili, alisema. Mama mkwe alikuja na kapu la samaki wa moshi. Mgiriki akasema kapu haliingii. Mama mkwe akapanda na kapu, akakaa nyuma yake hasa, juu ya sanduku la dawa, akalipakata. Mimi nikakaa sakafuni pembeni yake, na mume wangu akajibana kulia mwa rubani. Tukaruka. Sikuwahi kupanda ndege. Mimi na mtoto wangu tulikubaliana kwamba haifai.

Mvua ilitukuta tukiwa juu ya msitu. Kwenye kioo cha mbele niliona uzi mwekundu ukilowa na kujibandika. Mama mkwe aliuona pia. Akanigeukia, macho yamemtoka pima.

“Na huku? Na huku unaweka uzi yako?”

Yeye alikuwa ameshaacha kunitazama. Chini ya uzi ule, katikati ya vipimo vya rubani, kulikuwa na mrija wa kioo, na ndani ya mrija jiwe jeusi la mviringo, lenye tundu katikati, likitikisika polepole. Alisogeza uso wake hadi kidevu kikagusa bega la Mgiriki. Nami nikatazama, na nikaelewa wakati uleule alioelewa yeye.

“Weye,” alimwambia mwanawe.

Kisogo cha mume wangu kilizama ndani ya ovaroli.

“Bon, mama... ile iko goroli tu...”

“Goroli gani iko na tundu?”

“Kimya!” alipiga kelele Mgiriki. “Wingu!”

Na kweli, dunia ikatoweka. Kioo kizima kikawa cheupe, kisha cha kijivu. Ndege ikarushwa, ikadondoka, ikarushwa tena. Mimi ningeapa kwamba tunaanguka kulia. Nilishika sanduku nijizuie kuangukia kulia. Lakini rubani hakufuata mwili wake wala wangu. Macho yake yalikwenda kwenye mshale, yakashuka kwenye punje, yakapanda kwenye mshale. Punje ilipokimbilia upande, mguu wake uliirudisha. Jasho lilimtiririka kisogoni. Niliogopa, naomba mniamini, sijawahi kuogopa hivyo tena, na sikujiogopea mimi, nilimwogopea yule aliyekuwa tumboni.

Mama mkwe alitoa tasbihi yake. Akaanza kuizungusha, midomo ikitembea. Nikaona kitu. Kila vidole vilipofika kwenye fundo la uzi wangu mwekundu, pale palipopungua, aliinua macho, akaitazama ile punje ndani ya mrija, akatamka “na ile”, kisha akaendelea. Aliihesabu palepale ilipokuwa. Alifanya hivyo njia nzima, mpaka wingu lilipopasuka na tukaona mto, maporomoko, na miti ya wavuvi imesimama majini. Mgiriki alianza kuimba, vibaya sana.

Tulipotua, mume wangu aliona cha mtema kuni. Mama yake alimsimamisha kwenye nyasi, akavua ndala, na mécanicien wa ndege ya injini mbili alikimbizwa kuzunguka mkia wa ndege yake mwenyewe huku akieleza habari za dira na mafuta ya taa. Mgiriki, kwa aibu, alichukua bisibisi akaanza kuufungua mrija. Mama mkwe akamwona.

“Wacha! Kesho utapanda tena?”

“Kesho, mama.”

“Alors, wacha. Utanirudishia vita ikiisha.”

Kesho yake rubani alipanda, pamoja na mke wake aliyelifunga duka akilia, wakavuka mpaka. Hawakurudi, wala ndege, wala punje. Siku chache baadaye waasi wakaingia mjini, tukafunga madirisha.

Mnadhani aliniomba radhi? Hakuniomba. Alijua sasa kwamba sikuiba, alijua mbele ya Mungu na Mgiriki, lakini alikuwa ameapa mbele ya watu, na punje haikurudi. Yule mama hakuwa mtu wa kuapa ovyo. Alinitazama tumbo, akaangalia pembeni. Niliambiwa na jirani kwamba alipita uani kwa uani, risasi zikilia mbali, hadi kwa mwalimu wa msikiti, akarudi hana neno. Baada ya hapo akaacha kula nasi. Nilipika pondu kwa majani niliyoyapata kwa taabu. Mchana akaisukuma sahani. Siku ya pili vilevile, na ya tatu. Nikamwambia mume wangu, kwa sauti ya kusikika, kwamba sasa hata chakula changu kinanuka kwa mama yake. Aliendelea kula, alikuwa na uzoefu.

Alasiri ya siku hiyo ya tatu uchungu ulinishika. Mkunga hakuweza kufika, njia ilikuwa imefungwa, kwa hiyo jirani ndiye aliyenipokelea na kukata kitovu. Mtoto wa kiume, analia vizuri, ana damu na utando. Jirani akapasha maji, akayaweka chini, akangoja. Sote tulingoja. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye mkeka wake, tasbihi mkononi, mgongo umenyooka. Hakuinuka. Nilimfunika mtoto kwa kitenge changu, nikageukia ukutani ili asinione machozi.

Ndipo nikamsikia akimuuliza mwanawe aliyekuwa mlangoni:

“Jua imezama?”

“Bado, mama.”

Mtoto akapiga chafya.

“Na sasa?”

“Bado kidogo, mama. Inagusa miti.”

“Weye unajua kusoma saa zote za ndege, jua moja inakushinda?”

Hakukuwa na adhana siku zile, waadhini walijificha kama sisi. Mume wangu alitoka uani kabisa, akasimama juu ya kinu changu, risasi au hakuna risasi, akatazama. Kisha akasema imezama. Mama mkwe akainuka. Alishika ukuta kwanza, na hapo ndipo nilipomwona jinsi alivyokonda. Akaja, akatia kiwiko kwenye maji kuyapima, akamchukua mtoto mikononi mwangu.

“Mwalimu alisema, mutu akitaka kuvunja kiapo, alishe maskini kumi. Chakula ya maskini kumi nitatoa wapi na hii vita? Donc, afunge siku tatu. Nimefunga. Imeisha leo.”

Akamwogesha. Hakunywa hata funda kwanza. Alimwogesha kichwa, shingo, kwapa, polepole, akimweleza ni nani babu yake na walitoka wapi, utadhani waliwasili juzi. Alipomaliza alimfunga, akamrudisha kifuani kwangu, akakaa chini pembeni yangu kwa mara ya kwanza tangu siku ya uzi.

“Mutoto wangu,” aliniambia, “leta sasa ile pondu yako. Niko na njaa mubaya.”